Mwewe Aliyepigwa Hewani

Joab Oyoo alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na ninasema hivyo kama jirani yake wa ukuta mmoja. Mimi nilikuwa na cherehani upande huu, yeye alikuwa na studio ya picha upande ule, na katikati yetu palikuwa na mbao nyembamba, akipiga chafya mimi namwambia pole bila kuinua sauti. Jengo lilikuwa la Mzee Sigilai, pale Kapkatet, ng'ambo ya bucha. Mzee alikuwa Mkipsigis wa hapo hapo. Oyoo alitoka huko ziwani, mimi nilitoka Kisii nikifuata mume. Tulikuwa wapangaji, na mpangaji huishi kwa adabu.

Oyoo alikuja kwanza kufanya kazi ya kiwanda cha majani chai. Huko alizoeana na meneja mmoja Mzungu aliyependa kupiga picha, na yule Mzungu aliporudi kwao baada ya uhuru, alimwachia kamera yake pamoja na lenzi moja ndefu, nyeusi, iliyofanana na mtutu wa bunduki. Oyoo akaacha kiwanda, akafungua studio. Watu walikuja kupigwa picha za vitambulisho, za ubatizo na za harusi. Kwa haraka wakalikata neno, ikawa "Oyoo, nipige" tu. Mimi nilikaa upande wangu nikisikia mwanamume mzima akisema, "Leo nataka unipige mimi na bibi yangu, halafu uwapige watoto peke yao," na nikawaza mgeni asiyejua angekimbilia polisi.

Kazi haikumkosa. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ulikuwa mwewe. Sisi pale kila ndege wa mdomo uliopinda tulimwita mwewe, lakini wake alikuwa wa aina moja: kifua cheupe, mgongo mweusi, mkia mwekundu kama matofali. Miezi ya baridi, chai inapopogolewa, vichaka hukatwa vikabaki visiki, na panya waliokuwa wamejificha chini hukosa pa kwenda. Hapo ndipo mwewe wale hukusanyika. Husimama hewani, juu, wakitikisa mabawa kidogo tu, halafu hujiachia. Oyoo alitaka picha ya pale wanapojiachia, kucha zikiwa mbele na panya akiwa bado hajui.

"Mama Ongeri," aliniambia siku moja, "watu wangu wote wakikaa mbele ya kamera wanazuia pumzi. Nikisafisha picha naona maiti zimevaa tai. Nataka kitu kimoja tu kinachoishi."

"Nenda ukapige ng'ombe," nikamwambia. "Nao wanaishi."

Hakucheka. Kila alipokosa wateja alikuwa kwenye chai, amelala kifudifudi kati ya visiki na lenzi yake ndefu, akirudi na matope mpaka kwenye nyusi. Alichopata kilikuwa anga, au ncha ya bawa, au kisiki kilichotoka vizuri sana na ndege hayupo. Mimi niliona ni upuuzi na sikumficha.

Sasa mwaka ule, nadhani ni sabini na mbili, alirudi asubuhi moja akiwa na furaha isiyo na kiasi. Alipita mlangoni kwangu bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye hoteli ya chai iliyokuwa karibu nasi, akasimama katikati ya meza.

"Nimempiga!" akapiga kelele. "Jamani, leo nimempiga! Nimempiga akiwa hewani, miguu mbele, akashuka na panya wake!"

Sisi wa pale tulijua anasema nini. Lakini penye kaunta alikuwa amesimama Chepkemboi, mke wa Mzee Sigilai, ameleta maziwa. Mama yule hakuwahi kuketi mbele ya kamera, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa. Kwake kupigwa kulikuwa kupigwa. Na asubuhi hiyo hiyo, akija kwa barabara kubwa, alikuwa amemkuta mwewe wa mkia mwekundu amelala chini ya nyaya za simu, amekufa, mabawa wazi. Alimtazama Oyoo, akaitazama ile lenzi nyeusi iliyoning'inia begani, akaacha maziwa pale pale akaenda nyumbani.

Jambo ambalo Oyoo hakulijua, na mimi pia sikulijua ingawa nilikuwa nimepanga pale miaka, ni kwamba mwewe alikuwa mnyama wa ukoo wa Mzee. Koo za Wakipsigis kila mmoja una wake. Mmoja una simba, mwingine una nyuki, na ule wa Mzee Sigilai ulikuwa na mwewe. Hawamuui. Hawamrushii hata jiwe. Nilikuwa nimemwona Chepkemboi akinyang'anywa kifaranga mchana kweupe, akabaki kumgombeza mwewe kwa mdomo, kama mtu anayemgombeza mtoto wa mke mwenza, nikadhani ni uvivu wa kuinama kuokota jiwe. Nilikuwa mjinga wa mambo ya watu.

Mzee alikuja kabla ya saa sita. Alikuwa mrefu, koti lake la jeshi limefungwa vifungo vyote, na p na b kwake zilikuwa kitu kimoja. Hakuketi.

"Oyoo. Umebiga mwewe."

"Ndiyo, Mzee!" Oyoo akajibu, bado furaha imemjaa. "Leo nimempata!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee alifumba macho, akayafumbua.

"Anakubali," akasema, kana kwamba anamwambia mtu mwingine. "Mimi nimekubatia nyumba. Watoto wangu wanakuita mjomba. Na wewe umelala kwa chai na punduki, umebiga ndugu yangu. Amelala kwa barabara. Mke yangu ameona."

Ndipo Oyoo alipoelewa. Akaanza kueleza kwa haraka, maneno yakigongana. "Ni picha, Mzee. Kupiga picha. Hii si bunduki, hii ni lenzi, tazama, kioo tu."

Mzee aliitazama lenzi, akaishika, akachungulia ndani kwa upande usiofaa.

"Basi," akasema polepole. "Wewe unasema bicha. Mimi si mtu wa kukataa kusikia. Hiyo bicha iko wabi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Oyoo akaingia chumba chake cha giza, kile kistoo alichokiziba kwa magunia, na mimi nikakaa na Mzee barazani. Filamu ilisafishwa, ikakauka, karatasi ikatiwa dawa. Alipotoka nayo nilijua kwa jinsi alivyotembea. Mdomo ulikuwa umemponza: alijisifu kabla ya kuona alichokipata. Kwenye karatasi palikuwa na kitu kirefu cha kijivu, kama ukuta uliopanguswa masizi kwa kiwiko.

Mzee aliisogeza machoni, akaipeleka mbali.

"Hii ni moshi," akasema. "Moshi ya punduki."

Mtu angeweza kucheka siku nyingine. Mzee aliirudisha ile karatasi mezani kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Akasema Oyoo atafute mahali pengine. Hakuwa na haja ya kumpeleka kwa chifu wala kwa mtu yeyote, lakini hawezi kulala akijua aliyemwaga damu ya jamaa yake yuko chini ya paa lake.

"Mzee," Oyoo akasema. "Nipe mpaka wamalize kupogoa chai. Wakimaliza, mwewe wataondoka na mimi nitaondoka. Kabla ya hapo nitakuletea picha yake akiwinda, mzima, uone macho yake. Na ukitaka kuja kunisimamia, njoo."

"Siwesi kusimama kuangalia hiyo," Mzee akasema. Lakini hakukataa zile siku za kupogoa. Akaondoka.

Nilimfokea Oyoo mpaka koo likaniuma. Nilimwambia aende akanunue kondoo, aite wazee, aombe msamaha hata kwa kosa ambalo hakulifanya, kwani ni nani atakayempangisha Kapkatet akishafukuzwa na Sigilai kwa jambo kama hilo? Maneno yalikuwa yamekwisha pata miguu. Watu wa kitambulisho walipita mlango wake wakajifanya hawauoni. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kamera magotini, hanisikii.

"Kosa langu," akasema mwishowe, "ni kwamba namfuata ndege akishaanza kushuka. Mikono inachelewa. Yeye hanisubiri."

"Kosa lako ni mdomo!"

"Hilo pia," akakubali. "Mama Ongeri, una muda jioni?"

Ndivyo nilivyojikuta, mimi mke wa mtu na mshiriki wa kanisa, nimesimama nyuma ya bucha na karai la matumbo ya mbuzi, nikirusha vipande juu. Mwewe weusi wa pale, wale wezi wenye mikia ya panda, walishuka kama waliolipwa, na Oyoo akawa anazunguka nao, kamera usoni, haina filamu ndani. Filamu ilikuwa haba, hakuweza kuichezea. Kliki. "Tena!" Kliki. "Juu zaidi, mama, unarusha kama unayemwaga maji!" Nilimwambia akirudia neno hilo nitamvalisha karai. Mume wangu alikuja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini, na mikono yangu ilinuka siku nzima hata nikaogopa kushika kitambaa cha bibi harusi.

Lakini niliona anabadilika. Mwanzoni alizungusha mikono tu na kichwa kikafuata. Baadaye alizunguka kiuno na magoti na vyote, kama mtu anayefyeka nyasi kwa fyekeo. Akagundua jambo jingine. Hakuna haja ya kutafuta umbali kwa pete ya lenzi ndege akiwa anashuka. Uweke umbali mapema, kwenye lundo la matawi yaliyokatwa ambapo panya hutokea, kisha ungoje mwewe ajilete mwenyewe. Alinieleza hayo usiku na mchana kupitia mbao, nami nikishona. Nilianza kumpenda kwa ule ukaidi wake, nasema wazi, kama mtu anavyompenda ndugu anayemchosha.

Shambani aliwekewa kikwazo pia. Mokaya, nyapara wa kupogoa, alikwisha sikia habari za bunduki na hakutaka mtu wa namna hiyo kati ya watu wake. Mokaya alikuwa wa kwetu, na tuliimba kwaya moja. Nilimwendea baada ya ibada nikamwambia kwa Kikisii mambo ambayo sitayaandika hapa. Akakubali, ilimradi Oyoo akae mbali na mapanga.

Siku za baridi zile zilikuwa mbaya. Mara ukungu hauondoki, mara mvua ya mawe, mara jua lipo na mwewe wako kwenye mikaratusi, wameshiba, hawana habari na mtu. Sehemu iliyobaki ya kupogolewa ilipungua kila siku. Oyoo alikonda. Wake za watu walisema amelogwa. Alikuwa amebaki na filamu moja, na ndani yake nafasi chache, na kila jioni alirudi bila kuzitumia, akaniambia, "Bado," akaingia ndani.

Siku ya mwisho niliifunga cherehani nikaenda naye. Sikuweza kubaki nikingoja habari. Mokaya alikuwa na mistari michache tu ya kumaliza kabla ya mchana, na watu wake walikuwa wakikata kwa haraka ya kwenda nyumbani. Oyoo alipiga goti mbele ya lundo la matawi, akaweka umbali, akafunga pete ya lenzi kwa uzi niliompa ili isisogee. Juu palikuwa na mwewe mmoja, mkia wake ukiwaka jua likipita katikati ya mawingu.

Nilisikia hatua nyuma yetu. Alikuwa Mzee Sigilai, na koti lake, na fimbo. Hakutusalimu. Alisimama nyuma ya Oyoo kama askari anayelinda mfungwa.

"Watu wa kukata chai wanasema kitu yako inalia na hakuna kinaanguka," akasema. "Nimekuja nisikie."

Oyoo hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umelowa. Mwewe alijiachia mara moja, mbali, karibu na wakataji, na Oyoo hakubonyeza. Ndege akapanda tena. Akajiachia mara ya pili, akaghairi katikati. Oyoo hakubonyeza. Nilitaka kumpiga ngumi kichwani kwa jinsi alivyokuwa anangoja.

Kisha mwewe akaja juu yetu. Akasimama hewani, kichwa kimetulia kabisa, mabawa yakitetema. Nilimtazama Mzee. Alikuwa ameiegemeza fimbo kifuani na kutia vidole masikioni, macho ameyafumba kwa nguvu, akingoja mlio. Ndege akakunja mabawa. Oyoo akazunguka, kiuno, magoti, mwili mzima, akashuka naye kwa lenzi mpaka penye lundo.

Kliki.

Mwewe alipanda na panya akaenda zake kwenye mikaratusi. Mzee alifumbua jicho moja. Akatoa vidole masikioni. Akatazama chini, akatazama juu, akamwona ndege wake anakula.

"Sasa nimesikia," akasema. "Pado sijaona."

Tulirudi watatu kwa mguu. Kwenye kile kistoo Oyoo alitutaka tungoje nje, Mzee akakataa, kwa hiyo tulibanana ndani na harufu ya dawa, taa ya chemli imefunikwa kitambaa chekundu kutoka kwangu. Baada ya filamu kukauka, Oyoo aliilaza juu ya karatasi, akaiachia nuru kupitia tundu la dirisha, kisha akaizamisha karatasi kwenye beseni la dawa. Kwa muda karatasi ilikuwa nyeupe tu, na nikaanza kumwomba Mungu kwa jina la kila mtu ninayemjua.

Kwanza zilikuja kucha, nyeusi, zimefunguka. Kisha kifua. Kisha mabawa yaliyoinuliwa nyuma, kila unyoya peke yake, na chini yake panya ameruka kutoka ardhini, kivuli chake kimeachana naye. Mwisho likaja jicho.

Mzee aliomba aishike. Oyoo akaisuuza, akampa ikiwa bado inadondoka maji, na Mzee akaenda nayo kwenye mwanga, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nilimwona akiifunika nusu kwa kiganja, kisha akaifunua tena.

"Ana njaa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu alisema akikula tusimwangalie, ni heshima. Kwa hivyo mimi sijui uso yake. Miaka yote nilijua ana nguvu tu. Sikujua ana njaa."

Mzee alisimama, akavaa kofia yake, akaenda hoteli ya chai, nasi tukamfuata kwa sababu hakusema tusimfuate. Pale pale ambapo Oyoo alijisifia, mzee yule wa watu, mwenye nyumba, akainua picha mbele ya meza zote.

"Mimi nimeshitaki mtu pure," akasema. "Mwewe ya barabara imeuawa na waya. Huyu hakubiga. Huyu amebiga bicha. Mimi Sigilai nimekosa, na mke yangu amekosa, na nyinyi wote mliopita mlango yake mmekosa."

Mzee wa Kapkatet kumwomba radhi mpangaji hadharani, mpangaji aliyetoka mbali, ni kitu ambacho sikuwa nimekiona na sijakiona tena. Oyoo alitazama viatu vyake.

Picha ilitundikwa dirishani mwa studio, baada ya Oyoo kwenda kwa Mzee kuomba ruhusa rasmi, na ilikaa pale miaka. Wateja walirudi. Mzee alizoea kukaa barazani mchana, kiti chake kimeegemea ukuta wa dirisha lile, na hakuna aliyemuuliza anakaa pale kwa nini.

Mwaka mmoja gari la wageni waliokuwa wakienda kutazama wanyama lilisimama kwa sababu ya pancha. Mmoja wao, Mzungu mwenye kamera mbili shingoni, aliiona picha akasahau pancha. Alitaka kuinunua, na filamu yake pia. Alisema itakwenda kwenye kitabu huko kwao, jina la Oyoo chini yake, na alikuwa amekwisha kutoa pochi. Nilimkonyeza Oyoo akubali, kupitia mlango, mpaka kope ikaniuma, maana nilijua bahati hiyo haitarudi: hatapiga nyingine kama ile. Alikuwa amejaribu, hakuweza.

Oyoo alitikisa kichwa. "Huyu hauzwi," akamwambia. "Ana wenyewe."

Mzungu alidhani ni bei, akaongeza. Oyoo akatikisa kichwa tena. Mgeni akaondoka akishangaa, na vumbi la gari likatulia. Mzee Sigilai alikuwa barazani wakati wote huo, kofia imemfunika macho, na sisi tulidhani amelala.

"Oyoo," akasema bila kuinua kofia. "Hata wewe uko na wenyewe, haba kwetu."

Oyoo alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha dirisha kilichokuwa safi. Mimi nilirudi kwenye cherehani nikashona kola ya shati la watu juu chini, na nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha.